Sura ya Sita: Herufi Zisizoonekana

Jedwali liko mbele yako. Lina safu nne: kituo, wilaya, simu, hali. Unaiagiza programu isome safu ya "kituo", nayo inajibu kwamba safu hiyo haipo. Unalifungua faili na kulikodolea macho. Neno "kituo" lipo mstari wa kwanza, mwanzoni kabisa, limeandikwa sawasawa. Safu tatu zinazolifuata zinasomeka bila shida. Unalifuta neno hilo, unaliandika upya kwa mkono, unahifadhi, na jibu ni lilelile.

Hapo wengi huanza kuilaumu programu. Kabla ya kufika huko, uliza swali moja dogo: jina la safu hiyo lina urefu gani? "Kituo" ina herufi tano. Ukiiambia kompyuta ihesabu, itasema sita. Kuna kitu kimekaa mbele ya k, hakina umbo wala upana, na kwa kompyuta neno lenye kitu hicho ni neno jingine kabisa.

Kitu hicho kina jina na historia. Katika orodha ya Unicode ni alama U+FEFF, alama ya mpangilio wa baiti. Katika usimbaji wa UTF-16, herufi ya kawaida hubebwa na baiti mbili, na kompyuta hazikubaliani baiti ipi itangulie. Basi alama hii iliwekwa kichwani mwa faili ili msomaji ajue mpangilio uliotumika. UTF-8, ambayo Ken Thompson na Rob Pike waliibuni mwaka 1992, haihitaji msaada huo, kwa kuwa mpangilio wa baiti zake ni mmoja tu. Hata hivyo alama ilihamia huko pia, ikiwa baiti tatu: 239, 187, 191. Excel huiandika kila unapochagua kuhifadhi kama "CSV UTF-8", na huitegemea inaposoma. Isipoikuta, mara nyingi hudhani faili limeandikwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, na jina la jimbo la Kasaï hugeuka kuwa KasaÃ¯. Kwa hiyo alama inayoiokoa Excel ndiyo inayoikwamisha programu nyingine. Kwa anayetumia Python tiba ni neno moja: soma faili kwa usimbaji uitwao utf-8-sig, nayo itaiondoa alama hiyo yenyewe.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha tabia ya tatizo zima. Kompyuta hulihifadhi faili kama msururu wa namba kuanzia 0 hadi 255. Maandishi unayoyaona kwenye skrini ni tafsiri ya namba hizo, iliyofanywa na programu fulani kwa kanuni fulani, na tafsiri hiyo huacha mengi bila kuyaonyesha. Herufi za .csv mwishoni mwa jina la faili hazisemi kanuni ipi ilitumika. Hata muundo wenyewe ulitumika kwa miaka mingi bila maelezo ya pamoja. Waraka unaotajwa sana, RFC 4180 wa Yakov Shafranovich, ulitoka Oktoba 2005. Unaeleza kwamba sehemu zitenganishwe kwa mkato, kwamba sehemu yenye mkato ndani yake ifungwe kwa alama mbili za kunukuu, na kwamba alama ya kunukuu iliyomo ndani iandikwe mara mbili. Lakini kufikia wakati huo kila programu ilikuwa imeshazoea njia yake.

Basi kanuni yangu ya kwanza ni kutoliamini jicho, na ya pili ni kutolikagua faili kwa Excel. Excel ni chombo kizuri cha hesabu, ila haifungui faili la CSV bila kuligusa. Namba ya simu 0712 na tarakimu zake zote hupoteza sifuri ya mbele. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, na Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, hivyo tano za mwisho hugeuka sifuri. Ukihifadhi baada ya hapo, umeharibu ushahidi uliokuwa unautafuta. Tunza nakala ya faili kama lilivyokuja, usiiguse, na ukague kwa chombo kinachoonyesha baiti.

Vyombo hivyo ni vya bure. Kwenye Linux, amri ya cat -A huonyesha alama ya Tab kama ^I, mwisho wa mstari kama $, na ile alama ya kichwani kama M-oM-;M-?. Amri ya xxd huonyesha kila baiti kwa namba za msingi wa 16: nafasi ya kawaida ni 20, Tab ni 09. Aliye kwenye Windows na asiyependa dirisha la amri anaweza kutumia Notepad++, ambayo ina chaguo la kuonyesha alama zote. Ndani ya Excel yenyewe, kwenye nakala ya majaribio, kazi ya LEN itakupa urefu wa seli na UNICODE itakupa namba ya herufi yake ya kwanza. Mtu akijua hizi mbili tu, LEN na UNICODE, tayari anaweza kugundua sehemu kubwa ya yaliyomo katika sura hii.

Tuje kwenye mwisho wa mstari, penye mgogoro wa zamani kuliko yote. Mashine za kuchapa kwa simu ya maandishi, kama Teletype Model 33 ya miaka ya 1960, zilikuwa na miendo miwili tofauti: mmoja wa kurudisha kichwa cha kuchapia kushoto, mwingine wa kuviringisha karatasi juu. Orodha ya ASCII, iliyotolewa mwaka 1963, iliipa kila mwendo namba yake: 13 kwa kurudi kushoto, 10 kwa kushuka mstari. Mashine zilipoondoka, namba zilibaki, na kila ukoo wa kompyuta ulirithi kwa namna yake. Unix ilichukua 10 peke yake. DOS, na Windows baada yake, zilibaki na zote mbili, 13 kisha 10. Kompyuta za zamani za Macintosh zilitumia 13 peke yake. Notepad ya Windows ilianza kuuelewa mwisho wa mstari wa Unix mwaka 2018 tu. Kabla ya hapo, faili lililotoka Linux lilionekana humo kama mstari mmoja usiokatika.

Athari yake kwenye data hujitokeza katika safu ya mwisho. Faili limeandikwa kwenye Windows, linasomwa na programu inayokata mistari kwenye 10 tu, na ile 13 inabaki imeng'ang'ania neno la mwisho. Safu ya "hali" ina neno "ndiyo" katika mistari mia tatu, lakini ukitafuta walio na "ndiyo" hupati hata mmoja. Dalili nyingine huwachanganya sana wasioijua. Programu inapochapisha kosa kama "Jibu halijulikani: 'ndiyo'", ile 13 iliyojificha hurudisha maandishi mwanzo wa mstari kabla alama ya kufunga haijaandikwa, nayo alama hiyo huangukia juu ya herufi ya kwanza. Unachokiona ni 'ibu halijulikani: 'ndiyo. Ukiona ujumbe umekatika kichwa namna hiyo, huna haja ya kutafuta zaidi.

Ipo pia hali iliyo kinyume, ya mstari unaovunjika pasipotakiwa. Mtu ameandika anwani ndani ya seli moja na kubonyeza Alt na Enter ili ashuke mstari. Faili linapohifadhiwa, seli hiyo hufungwa kwa alama za kunukuu na ile 10 hubaki ndani yake, jambo ambalo ni halali kabisa. Lakini anayehesabu rekodi kwa kuhesabu mistari atapata nyingi kuliko zilizopo, na anayekata faili kwa mkono, bila kutumia maktaba inayojua CSV, atapata rekodi zilizopasuka vipande viwili. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya kutoandika kisomaji chako mwenyewe cha CSV, hata kama inaonekana ni kazi ya kukata kwenye mikato tu.

Sasa nafasi. Nafasi ya kawaida ni namba 32. Ndugu yake ni namba 160, nafasi isiyokatika, inayotumiwa na wachapaji kuzuia maneno mawili yasitenganishwe mwishoni mwa mstari. Kurasa za wavuti zimejaa nafasi hii, na Word nayo huiweka. Unaponakili jedwali kutoka kwenye tovuti na kulibandika kwenye lahajedwali, huja nayo. Watu wengi hutumia TRIM ya Excel kuondoa nafasi za pembeni wakidhani wamemaliza, lakini TRIM hushughulikia 32 peke yake. CLEAN nayo huondoa namba 0 hadi 31. Nafasi namba 160 hupita katikati ya zote mbili. Ni sawa na kupepeta mchele: makapi yataruka, lakini kijiwe cheupe kilicholingana na punje kitabaki kwenye ungo hadi ukichambue kwa mkono. Kwenye Excel kuchambua huko ni SUBSTITUTE yenye namba 160 iliyotajwa waziwazi.

Python ni bora hapa, kwani strip yake huitambua 160 kuwa ni nafasi. Lakini haiitambui U+200B, nafasi isiyo na upana, ambayo watengenezaji wa tovuti huitumia kuonyesha mahali neno refu linapoweza kukatwa. Wala haiitambui U+FEFF. Kila lugha ya programu ina orodha yake ya vitu inavyoviita nafasi, na orodha hizo hazifanani. Usiseme "nimeshasafisha nafasi" mpaka ujue orodha ya chombo chako ina nini.

Ninapoandika haya nina watu akilini. Chukua orodha ya wahudumu wa afya wa vijiji wanaolipwa posho kwa simu. Karani amenakili namba ya mhudumu mmoja kutoka kwenye orodha ya majina ya simu yake. Baadhi ya programu huzungushia namba ya simu alama mbili zisizoonekana, U+202A mbele na U+202C nyuma, ili tarakimu zisomeke kushoto kwenda kulia hata zikiwa ndani ya maandishi ya Kiarabu. Kwa anayeandika Muscat au Dubai, akichanganya jina la Kiarabu na namba yenye alama ya jumlisha, alama hizo ni za lazima. Bila hizo namba inaweza kuonekana imepinduka. Lakini zikibandikwa kwenye jedwali la malipo, namba ya tarakimu kumi sasa ina urefu wa kumi na mbili, mfumo unaikataa, na mtu aliyefanya kazi yake mwezi mzima hapati kitu. Anayekagua anaiona namba iko sawa. Anaisoma tarakimu kwa tarakimu kwa sauti, na iko sawa. Mhudumu huambiwa arudi wiki ijayo.

Kiswahili kina mtego wake mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya data vimeandikwa na watu ambao hawakukutana nao. Tunaandika lugha yetu kwa herufi zisizo na vikolezo, na hilo limetuokoa na matatizo mengi ya usimbaji. Ila tuna ng'. Kistari kile cha juu kimo kwenye majina ya watu na ya mahali: kaunti ya Murang'a nchini Kenya, wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita. Kibodi ya kompyuta huandika namba 39, kistari kilichonyooka. Word hukigeuza papo hapo kuwa kilichopinda, U+2019. Simu nyingine hufanya vivyo hivyo. Wapo wanaobonyeza kitufe kingine na kuandika namba 96, kinacholalia upande wa pili. Mtu akisoma, zote ni Murang'a. Unapounganisha jedwali la idadi ya watu na jedwali la vituo vya afya kwa jina la kaunti, ni Murang'a tatu tofauti, na kaunti nzima inaweza kudondoka kwenye ripoti bila ujumbe wowote wa kosa. Na kile kilichopinda kikisomwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows hutoa Murangâ€™a, alama tatu za ajabu mahali pa moja, kwa kuwa baiti zake katika UTF-8 ni tatu.

Hata kilichonyooka kina hatari. Lugha ya R, inayopendwa na watakwimu, ina amri ya read.table ambayo, usipoielekeza vingine, hukihesabu kistari hicho kuwa alama ya kunukuu. Ipe faili lililotenganishwa kwa Tab: ikifika kwenye Murang'a, itadhani nukuu imefunguliwa na kumeza kila kitu, Tab na mwisho wa mistari, hadi ikutane na kistari kingine, pengine mistari mia mbili mbele. Jedwali linatoka fupi, na wakati mwingine pasipo kosa lolote. Tiba ni kuiambia quote = "". Kwa anayeshika data ya Kenya na Tanzania ni jambo la kuweka kwenye kila hati tangu mstari wa kwanza.

Ukivuka kuelekea Bujumbura au Goma, ambako kompyuta nyingi zimepangwa kwa Kifaransa, kitenganishi chenyewe hubadilika. Kwa kuwa mkato unatumika kwenye desimali, Excel huhifadhi CSV kwa nukta mkato. Maelfu hutengwa kwa nafasi isiyokatika, au kwa nafasi finyu U+202F, hivyo 12 500 inasomwa kama maandishi. Tena ile ï ya Kasaï inaweza kuandikwa kwa njia mbili halali: herufi moja kamili, au i ya kawaida ikifuatwa na nukta mbili zinazokaa juu yake. Njia ya kwanza ina urefu wa tano, ya pili sita. Unicode imeweka utaratibu wa kuzisawazisha, uitwao NFC, na kuutumia kwenye majina yote kabla ya kuyalinganisha hakugharimu kitu.

Kuna mafaili yanayosumbua kwa njia nyingine. Excel ikihifadhi "Unicode Text", hutoa UTF-16 yenye Tab, na anayeisoma kama maandishi ya kawaida hukuta namba 0 baada ya karibu kila herufi. Namba 26, iliyokuwa alama ya mwisho wa faili enzi za CP/M na DOS, bado inaweza kuifanya programu ya Windows isimame katikati ya faili ikidhani limekwisha.

Namna ya kuyapata karibu yote haya kwa mpigo ni kuandika orodha ya kila herufi iliyomo kwenye faili na idadi yake. Katika Python ni mistari michache: soma faili lote bila kuiacha Python igeuze miisho ya mistari, hesabu kila herufi, panga, na chapisha zile tu zilizo nje ya namba 32 hadi 126. Kwa faili la Kiswahili orodha hiyo huwa fupi. Utaona 10 mara elfu nne, kama mistari ilivyo. Utaona 13 mara elfu moja na mia mbili, ukajua kwamba mafaili mawili ya asili tofauti yameunganishwa. Utaona U+2019 mara thelathini, 160 mara tisa, U+202C mara moja. Ile iliyotokea mara moja ndiyo ya kuifuata kwanza, maana inaelekeza kwenye rekodi moja ya mtu mmoja.

Kishawishi kikubwa baada ya kuiona orodha ni kufuta kila kilicho juu ya 127. Ninawasihi wasomaji wangu wasifanye hivyo. Kufuta huko kutaigeuza Kasaï kuwa Kasa, na Murang'a yenye kistari kilichopinda kuwa Muranga. Kuna lugha, Kiajemi mojawapo, ambazo tahajia yake sahihi inahitaji alama isiyo na upana, U+200C. Amua kwa kila alama peke yake: 160 igeuzwe 32, U+2019 igeuzwe 39 pale inapofuata ng, U+202A na U+202C zifutwe kwenye safu ya simu tu. Andika maamuzi hayo kwenye hati ya kusafishia, ili faili la mwezi ujao lipite njia ileile na mwenzako aone ulichokifanya.

Inafaa kujua kwamba waliotunga ASCII waliwaza mapema juu ya kutenganisha data. Waliacha namba nne, 28 hadi 31, kwa kazi hiyo tu: za kutenganisha mafaili, makundi, rekodi na sehemu za rekodi. Laiti zingetumika, mkato ndani ya anwani usingemsumbua mtu. Lakini hazina kitufe kwenye kibodi wala umbo kwenye skrini, na binadamu walitaka kitenganishi wanachoweza kukiona na kukiandika kwa kidole.

Mwisho, mrudishie taarifa aliyekutumia faili. Usimwandikie kwamba "data yako ni chafu". Hakuna aliyeandika U+202C kwa kukusudia. Mpe mstari, safu, na msimbo wa alama, kisha muulize namba hiyo aliinakili kutoka kwenye programu gani ya simu.